Barua za Marekani: Waairishi walivyowaandikia wazee wao, na nusu iliyopotea

Ndugu zangu, salaam nyingi, na baada ya salaam, mimi huku ni mzima, khofu ni kwenu nyinyi.

Nimeanza hivyo makusudi. Sote tuliofundishwa kuandika barua tunajua kwamba mlango wa kuingilia ni huo, na ukiingilia pengine unaonekana huna adabu. Sasa sikilizeni hii. Katika karne ya 19, kijana wa Kiairishi aliyekuwa akichimba mfereji Marekani, au msichana aliyekuwa akifua nguo za watu New York, alipokamata kalamu kumwandikia mama yake alianza karibu vilevile: kwamba anaichukua fursa hii kuandika mistari michache, akitaraji itawakuta wazee katika afya njema kama inavyomwacha yeye mwenyewe, Mungu ashukuriwe. Barua nyingi mno zinaanza hivyo. Mara ya kwanza nilipozisoma nilicheka peke yangu maktaba, mtu wa meza ya pili akanitazama. Niliona kama nasoma barua ya mjomba wangu.

Nieleze kwanza nilifikaje huko, maana mimi si mtaalamu wa Ireland. Miaka michache nyuma, baada ya mama yetu kufariki, dada yangu aliyebaki Unguja alilifungua kasha la marehemu akakuta barua zangu, tangu ile ya kwanza niliyoituma nilipofika Uingereza mwaka 1979. Zile karatasi nyembamba za buluu za barua za ndege, unaandika, unaikunja, inakuwa bahasha yenyewe. Zilikuwa arubaini na kitu, zimefungwa kwa utambi. Akazipiga picha kwa simu, akanitumia. Nilizisoma zote usiku mmoja, na wallahi yule kijana aliyeziandika sikumtambua. Anasema kazi yake nzuri, chumba kina joto, chakula si tabu. Mimi nakumbuka mwaka ule nilikuwa naosha vyombo usiku katika mkahawa, na chumba changu kilikuwa na ukungu ukutani mpaka kikohozi hakinitoki. Hakuna hata barua moja inayoyataja hayo. Nikajiuliza: mjukuu wangu akitaka siku moja kuandika historia yetu kwa barua hizi, ataandika nini? Ataandika uongo, na ushahidi wake utakuwa mwandiko wangu mwenyewe.

Ndipo nikawaendea Waairishi. Barua zao wanahistoria wamezichambua kwa miaka mingi, na swali lao kubwa ndilo hilohilo langu.

Habari ya kuhama kwao wengi wenu mnaijua, nitaipitia haraka. Sensa ya 1841 iliwakuta watu zaidi ya milioni 8 kisiwani. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa mbatata, na mbatata ndiyo iliyokuwa chakula cha masikini asubuhi na jioni. Sensa ya 1851 iliwakuta milioni 6 na nusu. Watu kiasi cha milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na baina ya 1845 na 1855 kiasi cha milioni 2 waliondoka. Wala hawakusimama hapo. Baina ya 1856 na 1921 waliondoka wengine zaidi ya milioni 4. Na tofauti na watu wengi wa Ulaya waliokwenda Marekani wakachuma wakarudi, Waairishi waliorudi walikuwa wachache sana, hawafiki mmoja katika kumi.

Kwa hiyo usiku wa kumuaga msafiri walifanya kitu kinachofahamika kwa Kiingereza kama American wake, na mimi sioni tafsiri yake ila matanga. Matanga ya mtu aliye hai. Jirani hukusanyika usiku kucha kama wanavyokesha na maiti, wanakula, wanacheza ngoma, mabibi wazee wanaomboleza, na alfajiri wanamsindikiza njiani mpaka mahali pa kuachana. Mama alijua kwamba uso ule hatouona tena. Kilichobaki baada ya hapo ni barua.

Na barua haikuwa kitu rahisi. Katikati ya karne ile, kuipeleka moja baina ya Uingereza na Marekani kuligharimu shilingi moja, na kibarua wa shambani Ireland alikuwa na bahati akiipata shilingi hiyo kwa kazi ya siku nzima. Kwa wale waliokwenda Australia, jahazi lilichukua miezi mitatu au zaidi; ukiuliza swali, jibu lake ni mwakani. Gharama zilianza kushuka kweli mnamo miaka ya 1870, khasa baada ya mataifa kuunda umoja wao wa posta mwaka 1874.

Ilipofika, ilifika kwa kijiji. Watu wa Ireland waliiita tu "barua ya Marekani", na kila mtu alijua tarishi ameipeleka nyumba gani. Sasa, nani ataisoma? Sensa ile ya 1841 inaonyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka mitano na zaidi, 53 walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Basi barua ilipelekwa kwa mwalimu wa skuli, au kwa padri, au kwa mtoto wa jirani aliyesoma, naye akaisoma kwa sauti, na nyumba imejaa.

Kuna jambo jingine hapa ambalo Waswahili tutalifahamu upesi kuliko wengi. Sehemu za magharibi ya Ireland watu walikuwa wakisema Kiairishi nyumbani. Lakini skuli za serikali zilizoanzishwa mwaka 1831 zilifundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo aliyejua kuandika alijua kuandika Kiingereza. Fikirini: mtoto anamwandikia mamake kwa lugha ambayo hawakuwahi kusemeshana hata siku moja. Mama anayasikia maneno ya mwanawe kutoka mdomoni mwa mwalimu, kwanza kwa lugha ya skuli, kisha yakageuzwa kwa lugha ya nyumbani.

Mimi hayo yamenikuta, kwa namna nyingine. Mama yangu alisoma chuoni, akajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, vizuri sana. Herufi za Kizungu hakuzijua. Mimi nimesoma skuli ya serikali, mwandiko wangu ni wa Kizungu. Kwa hiyo barua zangu zilisomwa na mtoto wa jirani, barazani, na wanaopita wanapita wakisikiliza. Ningeandikaje kwamba naosha masufuria? Na Muairishi angeandikaje kwamba analala watu wanane chumba kimoja? Barua ile haikuwa siri ya mtu na mamake. Ilikuwa kama hotuba, na mwenye kuandika alijua nani na nani watakuwepo.

Pili, barua ilikuwa na pesa ndani. Hapa ndipo penye uzito wa mambo. Makamishna wa Uingereza waliosimamia uhamiaji walijaribu kuhesabu pesa zilizotumwa kutoka Amerika ya Kaskazini. Kwa mwaka 1848 walipata paundi 460,000, na kwa mwaka 1853 paundi 1,439,000. Hizo ni zile tu walizoweza kuzifuatia kwa mabenki na wafanyabiashara. Alizobeba mtu anayerudi, au zilizotiwa ndani ya bahasha kimyakimya, nani atazihesabu? Pale New York, jumuiya ya kuwasaidia wahamiaji wa Kiairishi ilianzisha benki yao ya akiba mwaka 1850, Emigrant Industrial Savings Bank, na vitabu vyake vya hesabu vipo mpaka leo katika maktaba kuu ya mji ule.

Na nani waliotuma? Sehemu kubwa walikuwa wasichana. Uhamiaji wa Kiairishi ulikuwa na wanawake karibu sawa na wanaume, na wengi wao walikwenda peke yao, hawajaolewa, wakafanya kazi ya utumishi majumbani mwa matajiri wa Boston na New York. Kazi ile ilikuwa na kulala na kula, kwa hiyo mshahara ulibaki, na ulipobaki ulikwenda nyumbani. Ukalipa kodi ya mwenye ardhi, ukalipa deni la duka, na mwisho ukanunua tikiti ya meli ya mdogo wake. Mdogo akifika, naye anaanza kuweka ya anayemfuata. Nyumba nzima ilivutwa hivyo, mmoja baada ya mmoja, mpaka wakabaki wazee wawili na mtoto mmoja wa kuwaangalia.

Mwenye kuishi ughaibuni hahitaji kuelezwa maana yake. Barua isiyo na kitu ilikuwa nzito kuituma. Katika barua zilizobaki kuna nyingi ambamo mtu anaomba radhi kwa kukaa kimya: kazi ilikuwa imesita, aliumwa, aliona haya kuandika mikono mitupu. Yaani kimya cha mtoto mara nyingine hakikuwa kusahau. Alikuwa hana cha kutia ndani. Na mama kule nyumbani akihesabu miezi, hajui ni mauti au ni umasikini. Gazeti la Boston lililoitwa The Pilot lilichapa tangu 1831 mpaka 1921 matangazo ya watu kutafuta jamaa zao waliopotea Marekani: fulani bin fulani, wa kijiji kadhaa, alishuka bandari kadhaa mwaka kadhaa, mara ya mwisho alisikika yuko kwenye kazi ya reli mahali fulani, nduguye anamtafuta. Ukiyasoma hayo mfululizo, unaelewa ni barua ngapi hazikuandikwa.

Nitaje barua mbili, ili tusiseme kwa jumla tu.

Ya kwanza imeandikwa tarehe 6 Septemba 1846, kutoka Ardnaglass, wilaya ya Sligo, na Mary Rush na mumewe, kwenda kwa baba yake Mary aliyekwisha hamia St. Columban huko Kanada. Huo ni mwaka wa pili wa ugonjwa wa mbatata. Hiyo haina habari nyingi, ni kilio. Mbatata zimeoza, hakuna cha kula, baba kwa ajili ya Mungu tutoe huku, usituache tukafa kwa njaa. Hapana kuficha, hapana "sisi hatujambo".

Ya pili ni ya Margaret McCarthy, kutoka New York, tarehe 22 Septemba 1850, kwa wazee wake huko Kingwilliamstown, wilaya ya Cork. Yeye alikuwa miongoni mwa wapangaji wa ardhi ya Ufalme waliolipiwa safari. Anawatumia dola 20, anawahimiza waje wote pamoja na wafanye ushujaa. Anasema nchi ni nzuri, lakini hapohapo anatahadharisha juu ya hatari ya kufika mji ule bila ya kitu mkononi. Kwao anakuita mahali pazuri pa kuzaliwa, na wakati huohuo mahali pa dhiki na dhulma. Yote mawili katika barua moja, na sioni kama yeye aliona yanapingana.

Sasa angalieni jambo moja. Barua zote mbili zimetufikia kwa sababu ziliingia katika karatasi za serikali, makarani wakazihifadhi kwa shughuli zao. Familia zenyewe hazikuziweka. Na ile ya kwanza, ya kutoka nyumbani kwenda ng'ambo, ni ya aina iliyo adimu zaidi.

Wanahistoria wamegombana juu ya namna ya kuzisoma. Mmarekani Kerby Miller alizunguka miaka mingi akikusanya barua kutoka kwa familia, na mwaka 1985 akatoa kitabu kikubwa, Emigrants and Exiles, kilichosimama juu ya barua zaidi ya elfu tano. Hoja yake ni kwamba Waairishi, khasa Wakatoliki, waliona kuhama kwao ni kufukuzwa, hata pale walipokwenda kwa hiari na wakapata riziki. Anakumbusha kwamba neno la Kiairishi la mtu wa namna hiyo, deoraí, maana yake ni mwenye kutolewa kwao. David Fitzpatrick yeye alishika barua za Australia. Katika Oceans of Consolation, kilichotoka mwaka 1994, alizichapa barua 111 nzima nzima, za pande zote mbili za bahari, akazichambua neno kwa neno. Kwake barua ni chombo cha kufarijiana, na pia cha kuvutana: nani atume pesa, nani aje, nani abaki na wazee, shamba la nani.

Mimi baada ya kuzisoma zangu mwenyewe niko karibu na Fitzpatrick, ingawa Miller ndiye aliyenitoa machozi. Kwa nini? Huzuni ile ya kwenye barua ilikuwa ya kweli, sikatai. Lakini ilikuwa pia adabu. Ukimwandikia mama kwamba umestarehe na huku ndiko kwenu, umemuumiza. Ukimwandikia kwamba unateseka, umemuumiza zaidi, na mdogo wako atakosa moyo wa kuja. Kinachobaki ni kusema: mzima, kazi ipo, na roho yangu iko huko. Hayo ndiyo niliyoyaandika mimi, kwa miaka kumi na zaidi, na hakuna aliyenifundisha. Sisi nasi tuna neno letu, ughaibuni, linalotokana na ghaib, asiyekuwepo. Neno linamtazama aliyeondoka kwa jicho la waliobaki. Wao ndio wanaoliona pengo. Na barua iliandikwa ili kulijaza pengo lao, siyo kueleza maisha yetu.

Basi barua hazina faida kwa historia? Hapana. Inabidi tu uzisome pale ambapo mwandishi hakufikiria kujipamba. Bei ya unga, mshahara wa wiki, nauli. Nani kaombwa aje na nani hakuombwa. Na zaidi ya yote, salaam. Barua za Waairishi zina safu ndefu za kusalimia, jirani kwa jirani, na wasomaji wenye haraka huziruka. Msiziruke. Nilipozirudia zangu, nikaona kwamba ukweli mtupu ulikuwa pale. Mwaka 1979 nimesalimia watu kumi na tisa kwa majina, nyumba kwa nyumba, kama ninayepita mtaani kwetu kwa miguu. Mwaka 1986 wamebaki kumi na mmoja. Barua ya mwisho, wanne. Wengine walikufa, wengine walikwenda Dubai na Muscat na Toronto, na kila mmoja alitoka kwenye safu yangu bila ya mimi kuandika neno juu yake. Mjukuu wangu akizisoma hizo safu, ataipata historia ya mtaa wetu.

Lakini atapata nusu moja tu, na hili ndilo lililonifanya niandike leo. Barua hubaki pale nyumba inapobaki. Waairishi wa Ireland waliziweka za Marekani, wakazirithisha, na ndizo alizozikuta Miller. Mkusanyiko wake ameupa Chuo Kikuu cha Galway, ambacho mwaka 2024 kiliufungua mtandaoni kila mtu asome. Majibu ya mama zao, yaliyokwenda ng'ambo, yalifikia watu wa kupanga vyumba, wa kuhama kila kazi inapohama. Mengi yamepotea. Ndiyo maana tunamsikia mtoto akijibu, na swali la mama hatulisikii.

Sisi Waswahili tunao mfano wa aina yake. Sayyida Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kufariki Jena mwaka 1924 kwa jina la Emily Ruete, aliacha maandishi ya Kijerumani yaliyoandikwa kama barua kwa rafiki wa kwao. Hazikuchapishwa uhai wake. Humo, tofauti na barua zetu za posta, ameeleza baridi, upweke na kukosa pesa bila ya kupamba. Pengine aliweza kwa sababu hakuna baraza iliyokuwa ikisubiri kusomewa.

Mama yangu naye alinijibu kila mara. Yule mtoto wa jirani aliandika, yeye akisema. Na chini kabisa, kila barua, aliongeza mistari miwili kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu, ambayo yule mtoto hakuweza kuisoma. Ile ilikuwa yangu peke yangu. Nilizitia zote katika mfuko mmoja, na nilipohama mji mwaka 1991 niliuacha mfuko ule kwa rafiki, rafiki naye akahama. Sasa dada yangu ananiuliza: mama alikuwa akikwambia nini pale chini? Mistari mitatu minne ndiyo ninayoikumbuka. Mmoja wapo alisema: usitume pesa mwezi huu, kula.

Kumbe alijua.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla hamjahama tena, tazameni chini ya makabati yenu. Na nyinyi mnaopokea sauti za wazee kwenye simu kila asubuhi, kisha mnabadilisha simu, zitoeni kwanza mziweke mahali. Za kwetu sisi watu wa nyumbani watazihifadhi. Za kwao hakuna wa kuzihifadhi ila sisi.

Naomba radhi kwa urefu. Nisalimieni wote wanaonikumbuka.

Wasalaam.